Hewa Inayobeba Basi

[Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka taratibu.]

  Wewe uliyeipata karatasi hii baadaye kwa sababu betri ya redio ilikwisha, isome kwa sauti, jirani naye asikie.

Leo tunasema na mafundi na vijana wanaojifunza garaji. Lakini mama mwenye watoto, usiende mbali. Kuna neno lako humu, na ndilo zito kuliko yote.

Mkiwa stendi ya Arua au Koboko asubuhi na mapema, tazameni basi kubwa lililolala hapo usiku kucha. Mara nyingine utalikuta limeinama upande mmoja kama mtu aliyelalia ubavu. Dereva anapanda, anawasha injini, king'ora kidogo kinalia karibu na usukani, na baada ya dakika chache basi linainuka lenyewe mpaka linasimama sawa. Watoto hucheka. Kinachoinua ni hewa tu.

Lori la mizigo mnalolijua limekaa juu ya springi za chuma, vipande vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Springi hizo zina ugumu mmoja. Zimetengenezwa kwa ajili ya mzigo, kwa hiyo lori likiwa tupu linaruka-ruka na kuvunja mgongo wa abiria. Basi la hewa lina mipira minene ya hewa mahali pa springi, kati ya ekseli na chasisi. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuuza mabasi ya safari ya namna hii mwaka 1953, na leo mabasi mengi ya masafa marefu katika Afrika ya Mashariki yanayo.

Uzuri wake umo katika valvu ndogo ambayo watu wengi hawaioni. Valvu hiyo imefungwa kwenye chasisi, na ina mkono uliounganishwa na ekseli kwa fimbo fupi. Abiria wakipanda, chasisi inashuka, mkono unasukumwa juu, valvu inafungua na kuingiza hewa kwenye mpira. Basi linarudi kimo chake. Abiria wakishuka, mkono unakwenda chini, valvu inatoa hewa iliyozidi. Ile sauti ya "shhh" mnayoisikia watu wakishuka, huenda ndiyo hiyo.

Sasa hesabuni valvu hizo. Basi lina pembe nne, kwa hiyo utadhani zipo nne. Kwa kawaida zipo tatu: mbili nyuma, kila upande na yake, na moja mbele inayolisha mipira ya pande zote mbili. Kwa nini? Mama anayepika anajua jibu kabla ya fundi. Sufuria juu ya mafiga matatu haitikisiki, hata kama udongo haukulingana. Weka mawe manne, moja litabaki juu au chini. Basi likishikwa kwa nguvu kwenye pembe nne tofauti, bodi inajipinda, kioo cha mbele kinapasuka, mlango unakataa kufungwa.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe. Siku hizi basi kuukuu linaweza kugeuzwa kuwa kliniki inayotembea, darasa, au chumba cha kupima damu. Viti vinatolewa, vitanda na meza vinaingia. Barabara ya lami kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, mpakani na Sudan Kusini, haina shida. Shida inaanza basi likiacha lami na kwenda kusimama chini ya mwembe ambako ardhi imeinama.

Mtu atauliza, kuinama kidogo kuna ubaya gani? Mgonjwa atateleza kitandani, hilo unaliona. Usiloliona ni jokofu. Jokofu la gesi au la mafuta ya taa halina mota. Ndani ya mabomba yake maji yenye amonia hushuka kwa uzito wake mwenyewe. Likiinama sana, mzunguko unakwama na baridi inakufa, huku moto unawaka na mlango umefungwa vizuri. Chanjo inaharibika na mtoto anadungwa dawa isiyo na nguvu. Mizani ya kusimama nayo, ikiwa imeinama, hudanganya, na katika makambi uzito wa mtoto ni miongoni mwa vipimo vinavyoamua kama atapewa chakula cha tiba au atarudishwa nyumbani.

Kwa kuwa mipira ya hewa ipo tayari, fundi anaweza kuitumia kulisawazisha basi likiwa limesimama. Anaweka valvu za mkono kwa yale mafiga matatu: nyuma kushoto, nyuma kulia, na mbele. Kila moja iweze kuingiza hewa na kutoa, na kila moja iwe na geji yake. Ni lazima pia aweke kifungio kinachozitenga zile valvu za kimo wakati wa kazi hii. Asipozitenga, zitashindana naye: yeye anainua, zenyewe zinashusha.

Hewa ya breki isiguswe. Nalisema polepole: hewa ya breki isiguswe. Mfumo wa kusawazisha uwe na tangi lake, na kabla ya tangi hilo iwepo valvu ya kulinda breki, ambayo haifunguki mpaka matangi ya breki yamepata hewa ya kutosha. Bomba la mpira wa hewa likipasuka njiani, basi likae chini, lakini lisimame. Fundi anayechomoa hewa popote anapoiona kwa sababu ni karibu, huyo msimpe basi.

Kupima ni rahisi. Pima maji ya mwashi inatosha kwa meza. Kwa basi zima tumia mpira mwembamba unaoonyesha, ujaze maji, ushike ncha moja mbele na nyingine nyuma. Maji yatakaa kimo kimoja pande zote mbili. Anza nyuma, kushoto na kulia. Kisha mbele.

Lakini tufanye hesabu. Ekseli mbili zikiachana mita 6, na ardhi ikishuka sentimita 3 kwa kila mita, tofauti ni sentimita 18. Tuseme mpira unapanda sentimita 8 na kushuka 8. Ukiinua upande mmoja mpaka mwisho na kushusha mwingine mpaka mwisho, umepata 16. Hazitoshi. Kwa maoni yangu, jembe linafanya kazi kubwa kuliko kompresa. Chagua mahali, chimba kidogo chini ya magurudumu ya upande wa juu, au weka mbao imara chini ya yale ya upande wa chini, halafu hewa imalizie. Na usiulazimishe mpira kupanda kupita kimo chake kwa kurefusha fimbo ya valvu. Wapo wanaofanya hivyo ili basi libebe zaidi. Shokapu zinang'oka, na mpira unatoka kwenye kikombe chake.

Jambo la pili: mipira huvuja. Basi lililosawazishwa saa mbili asubuhi laweza kuwa limeinama saa saba mchana. Kwa hiyo hewa iwe ya kuinua, na chuma kiwe cha kubeba. Basi likishakuwa sawa, weka stendi za chuma chini ya chasisi, juu ya ubao mpana ili zisizame, kisha toa hewa kidogo mpaka uzito uzikalie. Pakaza maji ya sabuni kwenye maungio, utaona panapovuja. Fungua kizibo cha chini ya tangi kila siku, maji yatoke, hasa wakati wa mvua.

Kijana wa garaji, usiingie kamwe chini ya basi linaloshikwa na hewa peke yake. Mpira ukipasuka hautoi onyo. Chasisi inashuka mara moja, na nafasi inayobaki haimtoshi mtu. Kwanza jiwe mbele na nyuma ya magurudumu, kwanza stendi, kisha mtu. Usifungue bomba lenye hewa ndani, na usichomelee chuma karibu na mipira.

Na sasa lile neno la mama. Katika kambi kivuli ni haba, na basi lililosimama lina kivuli kizuri kuliko mti. Watoto hukaa chini yake wakicheza mawe, mbuzi hulala hapo. Dereva yupo juu, hawaoni. Akifungua valvu kutoa hewa, basi linashuka juu yao. Kliniki ikija kwenu, watoto wasikae chini ya gari, hata kama injini imezimwa. Mwenyekiti wa bloku aweke mtu mzima wa kulizunguka, na kamba au miiba pande zote. Dereva naye, kabla ya kugusa valvu yoyote, ashuke, azunguke, ainame atazame chini kwa macho yake, kisha apige honi na kusubiri. Asimtume mtoto kwenda kutazama.

[Muziki unapanda hadi mwisho wa kipindi.]