Hesabu, Chombo na Deiwaka: Kiswahili cha Waendesha Pikipiki wa Singida na Wajibu wa Taaluma Yetu



Mihadhara ya aina hii imezoea mada kubwa: usanifishaji, tenzi za kale, nafasi ya Kiswahili barani Afrika. Mimi nimechagua kijiwe, yaani mahali wanaposubiri abiria waendesha pikipiki wa Singida. Nakusudia kuonyesha kwamba lugha inayosemwa hapo inafuata kanuni za sarufi ambazo tunazifundisha madarasani, kwamba udugu wa vijana hao umejengwa kwa maneno mahususi, na kwamba baadhi ya maneno hayo yanaamua nani atakula na nani atalala njaa.

Neno lenyewe linatualika. Kijiwe ni udogo wa jiwe. Mzizi ‑we ni mfupi, hivyo ji‑ hubaki hata ki‑ ya udogo inapotangulia. Singida ni mji wa mawe. Miamba ya matale imeuzunguka kana kwamba mtu aliipanga kwa mikono, na ziwa Singidani na ziwa Kindai yako karibu. Pahali pachache nchini neno hili limepata makao yanayolistahili kuliko hapo.

Njia na lugha

Mkoa wa Singida ni kitabu kizima cha isimu. Wanyaturu, Wanyiramba, Waisanzu, Wagogo na Wakimbu husema lugha za Kibantu. Wabarabaigi husema lugha ya Kinailoti, Wairaki lugha ya Kikushi, na upande wa Mkalama, kuelekea ziwa Eyasi, wapo Wahadza ambao lugha yao yenye vidoko haijapata ndugu wa uhakika. Katika mazingira hayo, Kiswahili hakikuja kwa kamusi. Kilikuja kwa njia za safari. Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi iliyokwenda Unyanyembe ilikatiza Ugogo. Kisha ikaja Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ikipita Manyoni na Itigi. Baadaye yakaja malori na mabasi. Pikipiki ni hatua ya karibuni katika historia hiyo: inafika katika kijiji ambacho basi halifiki, na inapofika, Kiswahili kimekaa juu ya tangi.

Ushahidi umo katika neno ambalo dereva hulitumia zaidi kuliko pikipiki, nalo ni chombo. “Chombo kiko kwa fundi.” “Nimeacha chombo nyumbani.” Pwani, chombo kilikuwa jahazi lenye nahodha na mabaharia. Leo kijana wa Ikungi au Kiomboi, aliye mamia ya kilomita kutoka baharini, na pengine hajapata kuiona bahari, anaiita pikipiki yake kwa jina la jahazi. Hakuna aliyemfundisha sitiari hiyo. Ameirithi.

Majina na jinsi yanavyozaliwa

Tutazame majina ya chombo hiki. Pikipiki ni tanakali sauti iliyoradidiwa: injini imesema, na sisi tumeandika. Bodaboda pia ni uradidi, lakini chanzo chake ni kingine. Neno hili linanasibishwa na mpaka wa Kenya na Uganda, hususan Busia, ambako waendesha baiskeli tangu miaka ya 1960 waliwabeba watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, wakinadi kwa kulikariri neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Huu ni uradidi wa mwito, na una mwenzake Dar es Salaam: daladala, jina linaloelezwa kuwa limetokana na dala, yaani sarafu ya shilingi 5 iliyokuwa nauli. Nawaomba wanafunzi wa mofolojia wautenge uradidi wa sauti na uradidi wa mwito, kwani wa kwanza huiga kitu, wa pili huiga mtu anayetafuta riziki.

Njia ya tatu ni jina la biashara kugeuka nomino ya kawaida. Kampuni moja ya India, Bajaj, hutengeneza vyombo vya magurudumu matatu na pikipiki za magurudumu mawili. Kiswahili kimekata shauri: bajaji ni ya magurudumu matatu tu, na pikipiki ya kampuni hiyo hiyo aina ya Boxer ni boksa. Toyo nalo, lililoingia likiwa chapa ya pikipiki kutoka China, likawa mahali pengi jina la pikipiki yoyote. Jambo hili halihusu Kiswahili peke yake. Nchini Nigeria pikipiki za abiria huitwa okada, kwa jina la shirika la ndege, Okada Air. Watu wa Lagos walitania, na utani ukawa msamiati.

Mtu au mashine?

Nifike sasa kwenye sarufi. Neno bodaboda hutaja chombo na humtaja anayekiendesha. Basi upatanisho wake uweje? Sikilizeni sentensi tatu:

“Bodaboda yangu imeharibika.”
“Bodaboda wangu amefika.”
“Bodaboda yangu amefika.”

Ya kwanza ni ya chombo, haina shida. Ya pili ni ya mtu, na kimilikishi chake ni kama cha “daktari wangu” au “mwalimu wangu”: ni uhusiano wa kazi na huduma. Ya tatu ndiyo inayostahili kutushughulisha. Kitenzi kinasema huyu ni mtu, na kimilikishi kinasema yangu, kama tusemavyo “kaka yangu amefika”, “rafiki yangu amefika”. Msemaji hajakosea. Amemweka dereva katika kundi la jamaa na marafiki. Mama mwenye mgonjwa, ambaye usiku wa manane ana namba moja tu ya kupiga, husema “bodaboda yangu”, na upatanisho wake ni shahada ya uhusiano huo.

Sasa linganisheni na namna nyingine ya kusema: “Bodaboda imegonga mtoto.” Hapa kiambishi i‑ kimemfuta dereva, mashine imegonga yenyewe. Na anapokufa dereva huyo barabarani, tunasikia “bodaboda zinaua”, kana kwamba aliyelala chini ni bomba na cheni. Sisemi kwamba kiambishi husababisha ajali. Nasema kwamba jamii inayomtaja mtu kwa upatanisho wa mashine imejirahisishia kutomwuliza wala kumwuliza mwenye chombo, na imejirahisishia pia kutomlilia.

Katika miaka ya karibuni viongozi majukwaani wamewaita vijana hawa maafisa usafirishaji. Jina hili lina faida moja ya kisarufi: haliwezi kupatanishwa na i‑. Hata hivyo, maana ya jina haikai katika herufi tu. Kijiweni hutamkwa kwa kicheko, na kicheko hicho ni hoja. Cheo kisicho na mshahara wala bima ya afya kimetambuliwa kuwa ni heshima ya mdomo.

Hesabu na mkataba

Katika Kiswahili cha shuleni, hesabu ni somo. Kijiweni, hesabu ni kiasi cha fedha ambacho dereva humpelekea mwenye chombo, aitwaye bosi au tajiri. “Hesabu haijatimia” ni sentensi inayomfanya mtu akae barabarani hadi usiku. Ndiyo maana kitenzi kumiliki husikika mara chache. Anayemiliki pikipiki yake hujitambulisha kwa ukanushi: “Mimi sina hesabu.” Uhuru umeelezwa kwa kutaja kitu ambacho hakipo.

Daraja kati ya hali hizo mbili ni mkataba. Dereva hulipa kila siku au kila wiki, na muda ukitimia hukabidhiwa kadi ya usajili, chombo kikawa chake. Kwa hiyo neno moja, mkataba, limebeba ukodishaji, mauzo ya kidogo kidogo na amana, na kila upande huchukua maana unayoipenda. Tuchukue mfano wa kubuni. Wawili wamekubaliana “shilingi 10,000 kwa siku, miezi 12”. Je, siku ni nini? Kama ni kila siku ya kalenda, dereva atalipa mara 365, yaani shilingi 3,650,000. Kama Jumapili ni ya dereva, kama ilivyo desturi ya vijiwe vingi, atalipa mara 313, yaani shilingi 3,130,000. Tofauti ni shilingi 520,000, nayo yote imefichwa ndani ya nomino moja ambayo kila mtoto anaijua. Na siku ambayo chombo kimelala kwa fundi, ni siku au si siku? Wakikosana mwezi wa kumi na moja, tajiri huchukua chombo na dereva hubaki na kumbukumbu. Semantiki, ndugu zangu, si starehe ya wasomi.

Udugu wa kijiweni

Udugu unaosifiwa wa vijana hawa nao una sarufi yake. Una zamu: aliyetangulia kufika ndiye achukuaye kichwa cha kwanza, kichwa maana yake abiria. Una deiwaka, neno lililotoholewa kutokana na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya mfanyakazi wa kutwa. Kiswahili kimelifungua kila silabi kwa irabu, kisha kikalipa maana mpya: asiye na chombo, anayekabidhiwa cha mwenzake kwa saa chache mwenyewe akipumzika, akila au akiuguza. Mwenye chombo hupata pumzi, na asiyekuwa nacho hupata unga. Hakuna hati inayotiwa saini. Kuna neno, na aliyelisaliti neno hilo hapati tena chombo katika kijiwe hicho.

Una michango na upatu, na una msafara. Dereva anapofariki, wenzake huusindikiza mwili kwa mstari mrefu wa pikipiki, honi zikilia. Mtazamaji hukereka kwa kelele. Mimi husikia neno la wapagazi wa karne ya 19, msafara, likirudi katika njia zile zile, kwa maana ile ile ya watu wanaotembea pamoja kwa sababu peke yao hawafiki.

Haki inatudai tutaje upande wa pili. Kijiwe kimeunda pia neno mishikaki, la kupakia abiria wawili au watatu kwa pamoja kama nyama kwenye kijiti. Sitiari ni kali na inachekesha, na hapo ndipo penye hatari: kicheko kinapunguza makali ya kosa. Lakini neno hilo hilo lina picha ya nyama na moto ambayo hakuna bango la barabarani linaloifikia. Anayetaka kuwaonya vijana na aanze na neno lao.

Wajibu wetu

Serikali iliweka kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji mwaka 2010, chini ya SUMATRA, na tangu mwaka 2019 kazi hiyo ni ya LATRA. Kanuni hizo zilitungwa kwa Kiingereza. Mtu aliyekatazwa kubeba zaidi ya abiria mmoja, na kuamriwa yeye na abiria wake wavae kofia ngumu, aliamriwa kwa lugha asiyoitumia kazini. Mwezi Februari 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Ni ushindi, na ushindi huleta kazi. Hakimu atakapoletewa shauri la chombo kilichochukuliwa mwezi wa kumi na moja, atahitaji kujua hesabu ni nini, deiwaka ni nani na siku inaanza wapi. Atatuuliza sisi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, wanafunzi wa isimu wanaotoka Singida na mikoa mingine waende vijiweni kwa daftari na adabu, wakusanye msamiati huu pamoja na miktadha yake, na walimu wao wasiwarudishe kwa madai kwamba hicho ni kihuni. Misafara nayo iliitwa ya washenzi, na ndiyo iliyotuletea lugha bara. Pili, wataalamu wa isimu na wa sheria wakae pamoja waandike kielelezo cha mkataba wa pikipiki, kurasa mbili, kwa Kiswahili cha wazi, ambamo siku imefafanuliwa, matengenezo yametajwa ni ya nani, na tarehe ya kukabidhi kadi imeandikwa. Kazi hiyo haitampa mtu uprofesa. Itampa kijana mmoja wa Misigiri nafasi ya kusema, bila kudhulumiwa, “Sina hesabu.”