Wavu wa Samaki Juu ya Mji

Msikilizaji, mtu anaponunua shamba lenye bwawa la udongo, hununua pia usingizi wa wanaoishi bondeni. Nalisema hili nikiukumbuka mji wa Johnstown, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani.

Kilomita zipatazo 23 juu ya mji huo palikuwa na bwawa la starehe, mali ya klabu ya uvuvi na uwindaji ya South Fork. Matajiri wa viwanda Andrew Carnegie na Henry Clay Frick walikuwa wanachama. Majira ya joto wanachama walikwenda huko na jamaa zao kuvua samaki na kupunga upepo.

Sikiliza lilivyopita mkono kwa mkono. Serikali ya jimbo ililijenga ili kulisha mfereji wa mashua. Garimoshi lilipouondolea mfereji kazi, bwawa likaangukia kampuni ya reli. Mwaka 1875 akalinunua mwanasiasa mmoja, akang'oa mabomba yaliyopita chini ya tuta, akayauza kama chuma chakavu. Mabomba hayo ndiyo yaliyowezesha maji kupunguzwa kabla ya mvua. Mwaka 1879 ikaja zamu ya klabu. Ikaziba pengo lililokuwa kwenye tuta kwa mawe na udongo, hata samadi na nyasi kavu. Ikakata kichwa cha tuta ili magari ya farasi yapate kupishana. Kisha ikatega wavu kwenye utoro, ile njia ya pembeni ya kutolea maji ya ziada, samaki wasiponyoke. Wenye mali hao wawili wa mwisho kila mmoja aliondoa kitu, na mabomba hayakurudishwa kamwe.

Klabu ilionywa. Mkuu wa kiwanda cha chuma cha Johnstown, Daniel Morrell, alimtuma mhandisi kulikagua. Akakuta tuta linavuja na halina bomba la kutolea maji. Morrell akajitolea hata kuchangia gharama za ukarabati. Akajibiwa kwamba watu wake hawamo hatarini.

Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua ya usiku kucha, matawi na magogo yaliziba ule wavu. Vibarua walihangaika kuinua tuta na kuchimba njia nyingine, lakini maji yakapanda yakapita juu yake. Tuta la udongo halistahimili hilo. Maji yakishamwagikia mgongoni mwake huula udongo kuanzia chini, kipande kwa kipande, mpaka ukuta wote uanguke. Saa tisa na dakika kama kumi alasiri likapasuka. Tani zipatazo milioni 20 za maji zikashuka bondeni, na katika muda wa saa moja hivi zikafika Johnstown. Watu 2,209 wakafa, na zaidi ya 700 kati yao walizikwa bila kutambuliwa.

Mahakamani klabu haikulipishwa hata senti. Ikasemwa ni kazi ya Mungu. Hapo mimi nakataa kabisa. Mvua ilikuwa ya Mungu; wavu ulikuwa wa klabu.

Tena sheria bora ilikwishakuwapo. Mwaka 1868, katika kesi ya Rylands dhidi ya Fletcher, mabwana wa sheria wa Uingereza waliamua kwamba anayekusanya ardhini mwake kitu chenye kudhuru kikitoroka, akiweke kwa dhamana yake mwenyewe. Kesi yenyewe ilihusu bwawa la mtu binafsi. Mahakama za Kenya huitumia kanuni hiyo mpaka leo, nasi twajua kwa nini tunaihitaji: usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai, Nakuru, bwawa la shamba binafsi lilipasuka likaua watu zaidi ya 40, watoto wengi miongoni mwao.

Basi wewe uliyejichimbia bwawa la kuvulia samaki na kuendeshea mashua za wageni, kesho asubuhi panda juu ya tuta. Tazama kama utoro uko wazi, kama upande wa chini unatoka maji yenye tope, kama bomba bado linafunguka. Kisha teremka bondeni, ubishe hodi nyumba ya kwanza, uwaachie namba yako ya simu.