Hoteli ya Kilimanjaro na Sisi wa Mpakani
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)

Nimeombwa nizungumzie hoteli kubwa za mjini. Nimechagua moja, Hoteli ya Kilimanjaro ya Dar es Salaam. Huenda kijana mmoja kule nyuma ananong'ona, "Hoteli ya pwani inatuhusu nini sisi wa Tunduma?" Asubiri kidogo.

Hoteli hiyo ilikuwa na wakubwa wake. Mwaka 1906 Wajerumani walifungua Kaiserhof katikati ya mji. Jina hilo maana yake ni ua wa Kaisari, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuuliza mwenyewe ni nani. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, na baadaye hoteli ikaitwa New Africa. Karibu na hapo, ukielekea bahari, palikuwa na Klabu ya Dar es Salaam, mahali pa Wazungu kujiburudisha. Mwafrika aliyeonekana humo alikuwa mpishi, dobi au boi. Na boi huyo aliweza kuwa mzee mwenye wajukuu.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, mambo yaligeuka upesi. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam Juni 1962. Mwaka uliofuata Kamati ya Ukombozi ya OAU ikaweka makao yake huko. Baraza la New Africa, mahali pa mabwana wa jana, likawa kijiwe cha wapigania uhuru kutoka kusini, waandishi wa habari, na bila shaka wapelelezi waliojifanya wanasoma magazeti.

Ndipo mwaka 1965 ikafunguliwa Kilimanjaro: jengo la ghorofa lililochorwa na wasanifu wa Kiisraeli, lenye vyumba karibu 200, likitazama bandari. Taifa lenye umri wa miaka minne lilitaka mahali pake lenyewe pa kuwapokea wakuu wa nchi.

Sasa nakuja kwetu. Tarehe 11 Novemba mwaka huohuo wa 1965, Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia. Zambia ikatatizwa katika njia yake ya kusini, na mafuta yake yakaanza kupita hapa Tunduma kwa malori, katika barabara ya vumbi na matope. Bomba la mafuta la TAZAMA likaanza kazi mwaka 1968. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ikakabidhiwa Julai 1976. Basi fikirini: wakubwa wakizungumza kwenye viti vya hoteli kule bandarini, dereva alikuwa amelala chini ya lori lake hapa mpakani. Wote wawili walikuwa katika kazi moja ya ukombozi. Mmoja alipewa shuka safi.

Jambo hilo halikupita bila maneno. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, watu waliuliza kama nchi ya wakulima inastahili kujenga hoteli za fahari. Mwaka 1970 vijana wa TANU wa Chuo Kikuu waliamsha mjadala mkali katika gazeti la The Standard. Issa Shivji aliukusanya katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Upande mmoja ulisema utalii huleta fedha za kigeni. Upande wa pili ulijibu kwamba fedha hizo hurudi nje kununua lifti na vinywaji vya wageni, na kwamba kijana aliyefundishwa kuinama mbele ya mgeni hujifunza unyonge.

Mimi nawaheshimu waliouliza, maana hesabu waliyodai ilikuwa ya haki. Lakini kwa hilo la unyonge sikubaliani nao. Aibu ya zamani haikuwa kubeba sinia. Aibu ilikuwa kubeba sinia katika nyumba ambayo wewe na ndugu zako hamruhusiwi kuketi. Mlango ukiwa wazi kwa wote, na mshahara ukiwa halali, mpishi hodari ni fundi kama fundi mwingine. Jengo la klabu ile ya Wazungu lilikuja kuwa mahali pa kuwafundishia vijana wetu kazi za hoteli, na baadaye Mahakama ya Rufani.

Kilimanjaro yenyewe haikukingwa na shida. Hoteli ya ghorofa huishi kwa lifti, pampu na mitambo ya ubaridi, na miaka ya 1980 nchi ilikosa fedha za kununua vipuri. Mashirika ya umma yalipouzwa, nayo ikapita mikononi mwa watu binafsi. Miaka ya 2000 ikafanyiwa ukarabati mkubwa, ikaendeshwa na Kempinski, kisha Hyatt. Jina la mlima limebaki.

Vijana, mji wetu hauna hoteli ya namna hiyo. Lakini tangu Oktoba 2019 tuna kituo cha pamoja cha mpaka na Nakonde, na malori hayaishi. Kila usiku watu wa mataifa mengi hulala kwetu. Gesti ikiwa na maji, shuka iliyofuliwa, chakula cha moto na risiti ya kweli, mgeni atairudia. Kazi hiyo inasomewa: kiko Chuo cha Taifa cha Utalii. Atakayetaka kwenda asichekwe bwenini kwamba anakwenda kuwa boi.

Na ninyi wenzangu wenye gesti mjini, mliojaa ukumbini humu: dereva aliyelala chini ya lori mwaka 1966 hakuwa na pa kwenda. Wa leo akilala huko kwa kuogopa kunguni wenu, tutamlaumu nani?