Tulioko na Wasioko

(Maneno yaliyosomwa katika futari ya kuwaaga wanafunzi wa mwaka wa mwisho, Nairobi, Ramadhani 1446, Machi 2025)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo. Masheikh wetu, wazee wetu mliokuja kufuturu nasi, ndugu na dada zangu. Nimepewa dakika kumi na tano kabla ya adhana ya Isha, na amiri amekaa hapa mbele akiangalia saa, kwa hivyo wacha nianze.

Nimeombwa nieleze safari ya masomo ya kundi letu. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, na wengi wetu tuliokaa hapa tuliingia darasa la kwanza 2009, tukafanya KCPE 2016, tukaingia kidato cha kwanza 2017. Kwa hesabu ya kawaida tungemaliza KCSE Novemba 2020. Nyote mnajua kilichotokea. 8-4-4 yetu sisi ina mkia.

Lakini kabla ya huo mkia, kulikuwa na maisha. Mtoto wa Kiislamu wa Kangemi, Kawangware au Kibra alikuwa na mabegi mawili. Saa tisa na nusu unatoka shule, unakula kilichopo, kanzu juu ya kaptura ya shule, haooo madrasa. Mwalimu wa shule anataka hesabu kesho asubuhi, ustadh anataka sura mpya leo jioni, na wote wawili wana kiboko. Tukicheka sasa tunacheka, lakini hiyo ndiyo iliyotufundisha kukaa chini na kitabu. Nimekuwa chuoni miaka minne na bado ninaposoma kwa mtihani natikisa mwili mbele na nyuma kama niko na Juzuu Amma. Mwenzangu wa chumbani alidhani naumwa mgongo.

Sekondari mambo yalibadilika. Tulitawanyika katika shule za bweni, na kila mmoja ana hadithi yake. Kuna shule ulipewa ruhusa ya Ijumaa bila maneno. Kuna shule uliswali Adhuhuri nyuma ya bweni juu ya sweta, mwenzako akisimama kona kuangalia. Wengine shule haikuwa na mwalimu wa somo la dini yetu, kwa hivyo wakajifunza wenyewe kwa vitabu vya kuazima, au wakaliacha. Na dada zetu, wao walibeba zaidi. Tulikuwa kidato cha tatu, Januari 2019, Mahakama ya Juu ilipotengua uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 2016 katika ile kesi ya hijabu iliyotoka Isiolo. Sisi wavulana tuliisikia kama habari ya redio. Dada zetu waliisikia kwenye geti la shule, mtandio ukiingia kwenye begi Jumatatu asubuhi na kutoka siku ya kufunga shule. Hilo nalo liandikwe katika historia ya darasa letu.

Sasa tuje kwenye mkia. Tarehe 15 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza shule zifungwe. Tukarudi nyumbani tukidhani ni wiki tatu. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa, haingii mtu wala hatoki. Ramadhani ikatukuta humo ndani. Magharibi inaadhiniwa, unakula tende yako, na kabla hujamaliza uji saa ya kafyu imefika. Msikiti umefungwa. Sisi ambao tarawehe ya Jamia pale Banda Street ilikuwa ndiyo matembezi yetu ya mwaka, tukaswali sebuleni baba akiwa imamu, mama na wadogo nyuma. Wallahi kuna uzuri ulikuwa ndani yake pia. Misikiti ilipofunguliwa Julai ilikuwa ni watu mia moja kwa saa moja, na walio chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 hawaruhusiwi. Madrasa zilibaki zimefungwa. Yaani watoto na wazee, wenye msikiti hasa, ndio waliobaki nje.

Masomo yakawa ya redio na televisheni, na kwa mwenye uwezo, ya intaneti. Hapo ndipo darasa moja lilipokatika mara mbili. Aliyekuwa Lavington alikuwa na kompyuta na mwalimu kwenye skrini. Umbali wa kutembea kwa miguu kutoka hapo, Kawangware, nyumba nzima ina simu moja ya mulika mwizi na baba amekwenda nayo kutafuta kibarua. Julai marehemu Profesa Magoha, aliyekuwa Waziri wa Elimu, akatangaza kwamba mwaka huo wa masomo umepotea na hakuna mtihani. Halafu Oktoba 12 kidato cha nne tukaitwa turudi. Mtihani tukaufanya Machi na Aprili 2021, siku za mwisho zikaingia ndani ya Ramadhani, na Nairobi na kaunti nyingine nne zilikuwa zimefungwa tena tangu Machi 26, misikiti nayo ikafungwa. Matokeo yalitoka Mei 10, Idd ikiwa mlangoni. Kuna nyumba Idd ilikuwa mbili siku hiyo. Kuna nyumba hawakupika.

Takriban watahiniwa 750,000. Waliopata C+ na kupanda, alama ya kuingia chuo kikuu, walikuwa kama 143,000. Hata mmoja kati ya watano hatufiki. Na hao ni wale waliofika kwenye chumba cha mtihani.

Ya chuo nitayapita haraka maana mnayajua. Mkopo wa HELB unaochelewa. Barabara ya Waiyaki imechimbwa kwa ajili ya Expressway, matatu ya 23 inatambaa na mhadhara wa saa mbili unaanza bila wewe. Kipindi cha Ijumaa kilichowekwa saa saba mchana, na mhadhiri mwema aliyesema nendeni, mtakuta nimerudia. Juni 2024 tukiwa barabarani au tukiwa madirishani, na wengine katika kizazi chetu hawakurudi nyumbani tarehe 25. Mwenyezi Mungu awape subira wazazi wao. Kisha mgomo wa wahadhiri ule wa mwisho wa mwaka. Tumefika.

Lakini nataka kuwaambia kuhusu picha. Wiki iliyopita tulipiga picha ya kundi letu na ikasambazwa, kila mtu akaandika mashaallah. Nikaitafuta picha nyingine, ya siku tuliyohitimu madrasa mwaka 2016, tuko kumi na wawili na kanzu za kuazima. Kati ya hao kumi na wawili, walioko chuo kikuu ni watatu.

Mmoja ana pikipiki steji ya Kangemi. Jina lake si langu kulitoa hapa. Katika kuhifadhi alikuwa mbele yetu sote, ustadh akichelewa yeye ndiye aliyetusikiliza. Baba yake alikuwa mpishi hotelini Westlands, hoteli ikafungwa Aprili 2020. Oktoba tulipoitwa shule, nyumbani walikuwa na deni la kodi. Alirudi wiki tatu, kisha hakuonekana. Leo analipia mdogo wake wa kike karo. Huyo huwezi kumwita aliyefeli, na akisikia namhurumia atanishusha njiani.

Mwingine ni dada aliyekuwa akitufundisha sisi hesabu. Njia zilipofunguliwa Julai alipelekwa kwa shangazi yake bara, na kabla ya Oktoba ameolewa. Sisemi ndoa ni kupotea, wazee wangu msinielewe vibaya. Nasema alikuwa na miezi michache tu ya kumaliza, na hakuna aliyeuliza kama ingeweza kungoja.

Huyu wa pikipiki alinibeba mwezi wa Rajabu. Anakataa nauli yangu, ananiambia, "Msomi, panda." Tulipofika akazima injini akaniuliza: "Ule mtihani, bado mtu anaweza kuufanya?"

Anaweza. Baraza la mitihani, KNEC, husajili watahiniwa wa kibinafsi kila mwaka, miezi ya mwanzo wa mwaka. Anahitaji cheti chake cha KCPE, kitambulisho, ada, na masomo saba kwa uchache ili apate alama ya wastani. Ila msikilize hili vizuri. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Darasa la mwisho la 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027. Mfumo wenyewe unafungasha virago, na anayetaka kurudi asingoje dakika ya mwisho. Wenzetu wa 2020 muda wao unahesabika kwa vidole.

Wazee wa kamati za misikiti, naomba ruhusa niseme. Tunachangisha zulia, tunachangisha vipaza sauti, na ni kheri. Wafanyabiashara wetu wanaandaa futari katika hoteli kubwa za Westlands, unalipiwa kwa kichwa. Meza moja ya futari hiyo ingemsajili mtahiniwa na chenji ikabaki ya vitabu. Sidhani kama mmekataa kulifanya. Nadhani hamjaombwa, na leo nawaomba.

Na sisi tunaoondoka, tunajua kazi hazipo. Wengi tutakaa nyumbani miezi kadhaa tukituma barua. Hiyo miezi ina Jumamosi nyingi ndani yake. Tumezungumza na walimu wa madrasa mbili, moja Kangemi na moja Kawangware, watatupa chumba Jumamosi kuanzia saa nane mchana baada ya Idd. Wanafunzi tumewapata tisa, wanne ni dada, wawili wana watoto wachanga na watakuja nao, kwa hivyo tunataka pia mtu wa kukaa na watoto.

Karatasi ya kujiandikisha iko kwa katibu, pale karibu na viatu. Kiswahili na dini tuna walimu wa kutosha, kila mtu amekimbilia huko. Hisabati tuna mmoja, Kemia hakuna hata mmoja, na nawaona watu wa Chiromo wamejificha nyuma ya nguzo. Andikeni majina kabla hatujasimama kwa Isha.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.