Kushukuru Mwaka Uliopita Kabla ya Kupanga Mpya: Kutoka Umuganuro hadi Siku ya Mgao

Umuganuro, sikukuu ya mtama, ilikuwa ibada kuu ya mwaka katika ufalme wa Burundi. Iliadhimishwa karibu na mwezi wa Desemba, majira ya kupanda yalipowadia. Mwami, yaani mfalme, alionja mtama wa mavuno yaliyopita, akabariki mbegu, na kuanzia hapo raia waliruhusika kupanda. Wapiga ngoma walikuja kutoka vilima mbalimbali, na Karyenda, ngoma takatifu ya ufalme, ikatolewa hadharani. Ibada hiyo ilikoma mwishoni mwa miaka ya 1920, enzi ya Mwambutsa IV, kwa shinikizo la wamisionari na utawala wa Wabelgiji. Ufalme wenyewe ulifutwa mwaka 1966. Ngoma zilibaki, na mwaka 2014 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mpangilio wa siku ile haukupata bahati hiyo, ingawa thamani yake si ndogo.

Mpangilio huo uliweka shukrani na mpango katika kikao kimoja, shukrani ikitangulia. Kilichoonjwa ni mtama na kilichopandwa ni mtama, kwa hiyo kushukuru kulikuwa pia kukagua.

Bujumbura ya leo ina kikao kinachokaribiana na hicho: siku ya mgao katika vikundi vya kuweka na kukopa. Njia hii ilianzia Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, ikaenea nchi nyingi za Afrika, Burundi ikiwamo. Wanachama, mara nyingi kati ya 15 na 25, hununua hisa, hukopeshana, na hutenga mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na magonjwa. Fedha hukaa kwenye kasha la kufuli tatu, funguo zikishikwa na watu watatu. Baada ya miezi 9 hadi 12 mikopo hurejeshwa, fedha hugawanywa kwa kadiri ya hisa, na bei ya hisa ya mzunguko mpya hupangwa.

Udhaifu uko hapo, kati ya mgao na upangaji wa bei. Fedha zikishafika mkononi, mawazo ya kila mtu yako kwenye ada ya shule na deni la duka, na bei mpya hupangwa kwa haraka. Saa moja ya kusoma daftari kwa sauti, kabla kasha halijafunguliwa, ingesaidia sana: mtaji wa nani uliokolewa na mfuko wa jamii, nani alitunza ufunguo mwaka mzima bila doa, mkopo upi ulizaa biashara. Kumshukuru Mungu kwa yote ni haki na kutangulie. Ila kwa mipango, shukrani inayotaja mtu na tendo ndiyo inayoonyesha nguvu iliyopo.

Faida ya kushukuru imeonekana hata katika utafiti. Robert Emmons na Michael McCullough, watafiti wa Marekani, walichapisha mwaka 2003 matokeo ya wanafunzi walioandika mambo ya kushukuru kila wiki kwa wiki 10. Waliitazama wiki iliyofuata kwa matumaini makubwa na walifanya mazoezi ya mwili zaidi kuliko wenzao walioandika kero.

Mwaka mgumu unadai uangalifu. Soko kuu la Bujumbura liliteketea tarehe 27 Januari 2013. Mwaka 2020 mto Rusizi ulifurika na kuwahamisha maelfu ya wakazi wa Gatumba, karibu na Bujumbura. Kumhimiza aliyepoteza kibanda chake ashukuru ni kumdhulumu. Hasara itajwe kwanza, bila kupunguzwa. Kisha iulizwe nani alikuja, nani alitoa pa kulala, nani alikopesha bidhaa bila dhamana. Watu hao ndio mtaji wa kuanzia.

Malengo hupangwa baada ya hapo, daftari likiwa bado wazi. Kikundi kilichoona kwamba mikopo midogo ya mboga na samaki ilirejeshwa vizuri kina sababu ya kuipanua. Lengo lisilo na chanzo chochote katika mwaka uliopita si lazima litupwe, lakini lianze kwa kiasi kidogo na lipitiwe upya baada ya miezi 3.