Kagua Nyumba Kabla ya Masika

Ndugu mkulima wa Kilimanjaro, masika huanza Machi. Basi Februari, siku ya jua kali, panda darini saa sita mchana, funga kidirisha, utazame bati. Panapopenya mwanga, maji nayo yatapita. Aghalabu ni msumari uliolegea. Ung'oe, upige mnene zaidi wenye raba.

Usiseme, ah, ni tone tu! Likilowesha mahindi uliyoweka hapo darini, yataota ukungu, na ukungu huweza kuleta sumukuvu, isiyoondoka kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Ukishuka, choma nguzo kwa kisu pale inapoingia ardhini. Kikizama, mchwa wamekutangulia. Halafu zibua mfereji wa upande wa mlimani, maana maji ya kihambani huteremkia msingi.