Adrenalini: Sindano Inayookoa Maisha

Leo tunazungumzia adrenalini, ambayo pia huitwa epinefrini.

Kwanza ujue kwamba mwili wako huitengeneza wenyewe, katika tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Umewahi kumvuta mtoto ghafla matatu ilipopanda ukingo wa barabara? Moyo ulidunda, mikono ikatetemeka, mdomo ukakauka. Hiyo ndiyo kazi ya adrenalini. Huupa moyo kasi, hupanua njia za hewa na huongeza sukari katika damu ili misuli ipate nguvu. Mnamo 1901, mwanasayansi Mjapani Jokichi Takamine, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alitangaza kwamba ameipata ikiwa safi kutoka kwa tezi za wanyama. Leo iko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Hospitalini hutumika hasa kwa mzio mkali, yaani aleji ya kutisha. Unaweza kuletwa na njugu, kuumwa na nyuki, au sindano ya penisilini. Dalili huanza kwa dakika chache: vipele, midomo na ulimi kuvimba, sauti kukwaruza, kupumua kwa shida, kutapika, kizunguzungu au mtoto kulegea. Wakati mwingine vipele havionekani kabisa.

Mama, hapa usingoje. Piriton hutuliza mwasho, lakini haifungui koo wala haipandishi presha iliyoshuka. Adrenalini hufanya yote mawili.

Fanya hivi. Mlaze mtoto chali, umwinue miguu. Akishindwa kupumua, mwache akae. Mama mjamzito alale kwa ubavu wa kushoto. Usimsimamishe wala kumtembeza, maana presha inaweza kuanguka ghafla. Kwa hiyo tafuta gari, si pikipiki. Nenda kituo cha afya kilicho karibu zaidi. Usikipite ukitafuta hospitali kubwa, kisha ukwame kwenye jam ya Outer Ring.

Mhudumu atamdunga msuli wa paja, upande wa nje. Kipimo hufuata uzito wa mtoto, na sindano inaweza kurudiwa baada ya dakika 5 hadi 15. Mtoto anaweza kutetemeka, kupauka na moyo kwenda mbio. Usiogope, hali hiyo hupita. Lakini msikimbilie nyumbani, kwa sababu mzio unaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Je, unaweza kununua adrenalini ujidunge mwenyewe? La, isipokuwa daktari amekuandikia na kukufundisha. Kipimo kikizidi, au ikiingia kwenye mshipa wa damu kimakosa, inaweza kuvuruga moyo na kupandisha presha vibaya.

Mwisho, kabla mtoto hajadungwa dawa yoyote, hata dukani mtaani, uliza: “Mna adrenalini hapa?” Kama hawana, nenda penye nayo. Akishadungwa, kaeni hapo nusu saa. Na kama dawa fulani ilimdhuru, iandike katika kitabu chake cha kliniki, umwambie kila mhudumu.

Mweleze na jirani yako.